Maji ya Pole

Wanawake walikuwa wamejipanga uani kwa mama, kila mmoja na dumu lake la maji, wakimimina kisimani kwa zamu. Hakuna aliyepaza sauti. Aliyemaliza kumimina alilitikisa dumu ili tone la mwisho lisibaki, akamshika mama mkono na kusema, "Pole, dada," au "Pole, mama," kulingana na umri wake, kisha akaenda kukaa kwenye mkeka. Nyuma yao, nusu ya nyumba niliyokulia haikuwa na paa.

Ilikuwa asubuhi ya pili baada ya moto. Nilikuwa nimeondoka Masasi alfajiri. Huko nimepanga chumba na ninafanya kazi kwenye duka la vitabu na madaftari. Njia nzima, kuanzia tambarare yenye majabali hadi gari lilipoanza kupandisha kona za mlima wa Newala, nilikuwa nikijiuliza jambo ambalo niliona haya kulitamka: nyumba iliyoungua hunukaje siku ya pili? Nilijua mama ni mzima, nilikuwa nimesikia sauti yake kwenye simu. Ndiyo maana akili yangu ilipata nafasi ya kujiuliza upuuzi.

Hunuka vitu vingi kwa pamoja. Kulikuwa na makopa ya muhogo yaliyoungua, harufu tamu kidogo kama ya chakula kilichosahauliwa jikoni. Kulikuwa na mafuta ya maganda ya korosho, yale makali yanayobabua ngozi. Juu ya yote kulikuwa na harufu moja kali iliyopanda puani na kukaa huko, kama mtu amewasha njiti ya kiberiti karibu na uso wako na hataki kuizima.

"Hiyo ni salfa," alisema mjomba, mdogo wake mama, aliyekuwa amekuja kutoka Mkunya kwa baiskeli. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kunitazama. Alikuwa akiangalia ukuta wa stoo kama mtu anayeangalia jino bovu. "Mama yako alibakiza mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Nilimwambia aitoe ndani. Nani anamsikiliza mdogo wake?"

Moto ulianzia stoo saa sita mchana, mama akiwa shambani anaokota korosho. Mpaka leo hatujui chanzo. Wengine walisema waya, wengine walisema kaa lililoruka kutoka jiko la nje. Aliyeuona wa kwanza ni jirani, Mama Pacha, na kwa muda wote niliokaa pale alinisimulia mara nne, kila mara moto ukiwa umeongezeka urefu.

"Ulikuwa wa bluu, mwanangu. Wa bluu! Unatambaa sakafuni kama uji uliomwagika. Nikasema leo tumeingiliwa, huu si moto wa binadamu."

"Si moto wa binadamu, lakini ulikimbia umeacha kanga yako pale mlangoni," mjomba alisema.

"Kanga niliiloweka maji kuzimia moto! Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa Mkunya unakunywa uraka wa mabibo."

Watu walicheka, na mama alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Waliuzima kwa maji ya kisima. Anayeishi bondeni huenda asielewe uzito wa sentensi hiyo. Huku juu hatuna mto. Maji yetu hutoka mbinguni, hushuka kwenye mabati, huingia kwenye gata na kuteremka kwa bomba hadi kisima kilichochimbwa chini na kusakafiwa kwa saruji, na ukiyatumia kwa akili yanakufikisha msimu unaofuata. Mama alimwita fundi akachimba cha kwake mwaka ambao baba alifariki, na kabla ya hapo alikuwa akiteremka bondeni na ndoo. Siku ya moto majirani walikifunua, wakapanga mstari, wakamwagia bati la upande wa sebule ili lisishike. Walifaulu. Stoo na vyumba viwili viliungua, lakini sebule na chumba cha mama vilibaki. Na kwa kuwa walitumia maji ya mtu, jioni ile na asubuhi zilizofuata wakaanza kuyarudisha. Hakuna aliyetangaza. Huku ndivyo pole ya moto inavyotolewa: unakuja na maji, unayamimina kisimani mwa mfiwa. Nasema mfiwa kwa sababu ndivyo walivyomwita.

Baada ya salamu, wale wanawake walinyanyuka na mifagio na majembe, tayari kuisafisha stoo. Nikawazuia, nikatoa simu.

"Subirini nipige picha kwanza."

Mama Pacha alinitazama kwa huruma. "Unapiga picha jivu?"

"Mtendaji wa kijiji atataka kuona kabla hajaandika barua. Na bila barua yake mama hapati vyeti vingine. Kitambulisho kimeungua, kadi ya mpiga kura imeungua, karatasi ya shamba imeungua."

"Basi nipige na mimi. Nimependeza na masizi."

Nikampiga, akiwa ameshika ufagio kama bunduki. Halafu nikazunguka nikipiga kila kona. Nakiri kwamba nilizunguka zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu sikuwahi kujua moto una ladha zake: unachagua. Ulikuwa umekula mlango wa mninga na kuacha bawaba. Vikombe vya plastiki vilikuwa vimeshikamana vikawa kitu kimoja chenye mikono mingi. Sakafuni, pale salfa ilipokuwa, palikuwa na bamba gumu la rangi ya kahawia na manjano, linang'aa kama sukari iliyounguzwa kwenye sufuria. Nililigusa kwa kijiti, likakatika kwa mlio mdogo. Kwenye kona ya mwisho magunia mawili ya korosho yalionekana mazima kabisa. Nilipoweka kiganja juu ya moja, lilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Nikamwita mjomba. Alilipasua kwa panga na moshi ukatoka. Ndani kulikuwa kukiendelea kuungua polepole, kwa mafuta yake lenyewe, siku ya pili. Tuliyaburuta yote mawili hadi kwenye mchanga, tukayatawanya, na mjomba akakaa akiyatazama hadi yalipopoa. Fundi wa umeme alikuja akakata waya kwenye mita, akatukataza kuingia chini ya kenchi za paa zilizobaki hadi ziangushwe. Mama alitaka kuokoa unga uliokuwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Mjomba akaunusa, akaumwaga bila kumwuliza. Waligombana kidogo kwa Chimakonde, kwa haraka ambayo mimi siifikii tena.

Kisha mama akaleta chai.

Nilipoinua kikombe nikasikia tena ile njiti ya kiberiti. Nikashusha kikombe na kumtazama Mama Pacha. Alikuwa anakunywa. Mjomba alikuwa anakunywa.

"Mama, hii chai ina harufu."

"Ni pua yako. Imejaa moshi."

Labda. Nilikwenda nje kwenye upepo, nikapenga, nikavuta hewa, nikarudi. Harufu ilikuwa palepale. Basi nikaenda kisimani, nikainua mfuniko, nikapiga magoti na kuingiza kichwa. Maji yalikuwa juu kuliko nilivyowahi kuyaona mwezi wa Novemba. Juu yake palielea utando mwembamba wenye rangi kama za mafuta barabarani, na harufu ilinipiga hadi machozi yakanitoka.

Nikakaa pale pembeni nikijiuliza imefikaje. Kisima kina mfuniko mzito, na stoo iko upande wa pili. Nikaanza kufuata kwa macho, kama mtu anayefuata nyayo za kuku aliyepotea. Mfuniko. Bomba. Gata. Bati. Na bati la sebule, lililomwagiwa maji siku ile, lilikuwa limefunikwa masizi na vumbi la manjano lililoruka kutoka stoo. Maji ambayo majirani walitupa juu ya paa hayakuwa na njia nyingine. Yalioga pale juu, yakaingia kwenye gata, yakarudi nyumbani.

Katikati ya moto hakuna aliyewaza kuchomoa bomba. Wiki iliyotangulia mama mwenyewe alikuwa amepanda ngazi kulikaza, maana mawingu yalishaanza kujikusanya kila alasiri, na huku hakuna mtu mwenye akili anayechomoa bomba la kisima mvua ikiwa inanukia.

Nilimwambia mjomba peke yake. Akasema jambo ambalo kumbe alikuwa nalo tangu jana. "Kama kisima kimekufa, namchukua. Namjengea chumba kwangu Mkunya. Mwanamke wa umri ule hawezi kurudi kuteremka bondeni na ndoo."

"Atakubali?"

"Hatakubali. Ndiyo maana nasema namchukua."

Nilimpigia simu mwalimu wa kemia wa sekondari, mtu wa Bukoba aliyehamia Newala miaka ile nilipokuwa kidato cha tatu na ambaye bado huniita "wewe wa dawati la nyuma." Alikuja baada ya vipindi, na pakiti ndogo ya karatasi za litimasi kwenye mfuko wa shati.

"Shikamoo, mama. Pole sana na moto."

"Marahaba, mwalimu. Tumeshapoa."

Mjomba alikuwa tayari anamsubiri. "Mla senene, leo umekuja kutufundisha maji? Kwenu ziwa lote lile na bado mnaoga Jumamosi."

"Afadhali mimi ninayekula senene, bwana. Wenzangu mnakula panya halafu mnamsingizia paka."

Walipomaliza kutaniana, mwalimu alichota maji kidogo kwenye kikombe cheupe, akachovya karatasi ya bluu. Tulikuwa watu wanne tumeinamia kikombe kimoja. Karatasi ilianza kuwa nyekundu kutoka chini, ikipanda taratibu, na nakumbuka nilifurahi kwa sekunde moja, furaha ya mwanafunzi anayeona jaribio limekubali, kabla sijakumbuka ni maji ya nani.

"Salfa imeungua, moshi wake umeingia kwenye maji, yamekuwa tindikali," mwalimu alisema. "Lakini hiyo peke yake hainitishi sana. Mama, stoo ilikuwa na nini kingine?"

Mama alihesabu kwa vidole. Chupa za dawa ya wadudu wa mikorosho. Kopo la rangi. Madumu ya plastiki. Neti.

"Hivyo vyote vimepanda juu na kutua kwenye bati. Kuchemsha hakuviondoi. Haya si ya kunywa, mama. Wala ya kupikia, wala ya kuku, wala ya bustani."

"Nimekunywa tangu jana," mama alisema. "Sijafa."

"Ungekuwa umekufa ningekuja na suti. Usinywe tena. Na tumbo au kichwa kikisumbua, mwende hospitali, msingoje."

Mama akanyanyuka akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilimfuata baada ya muda. Alikuwa ameketi kitandani, na dirishani pazia lilikuwa limekauka kwa joto likawa gumu kama karatasi. Nikadhani analilia kisima. Nilikosea, na nilipaswa kujua, maana mimi ni mtoto wake.

"Unajua Mama Pacha ana madumu mangapi yamebaki kwake?" aliniuliza. "Anachota kwa kikombe cha chai. Na yule bibi wa pale mkabala, aliyeleta dumu dogo la lita tano, unajua alilitoa wapi? Wameleta maji yao ya kunywa, mwanangu. Nami nimesimama pale nasema asante, wanamimina kwenye sumu. Sasa unataka niwaambie nini? Kwamba nimemwaga pole yao?"

Nilikuwa nimekuja nikiwaza picha, barua na vyeti, nikidhani nyumba ikiungua kazi ni kuhesabu kilichopotea. Deni hili la maji lilikuwa limeongezeka baada ya moto, na ndilo lililokuwa likimtoa mama kwake.

"Mjomba wako anasema nihamie Mkunya," aliendelea. "Nimemsikia. Anadhani mimi ni kiziwi. Kama nikikaa kimya, nikaendelea kunywa polepole, mvua ikija itayachanganya..."

"Mama."

"Najua. Najua."

Kesho yake mawingu yaliteremka hadi tukasikia ubaridi wake, kisha yakaondoka. Mjomba alipanda ngazi akachomoa bomba la kisima, mvua isije ikateremsha masizi zaidi. Mama alimtazama akifanya hivyo na kugeuza uso, kama mtu anayetazama sindano inaingia. Majirani wengine walikuja na madumu. Mama aliwaambia wayaweke barazani, hayo ya barazani ndiyo tuliyokunywa, na hakueleza. Mama Pacha alitazama madumu, akatazama mfuniko, akatazama bomba lililoning'inia. Ni mwanamke anayeona moto wa bluu kabla ya wengine.

"Dada," alisema. "Kisima kimepata nini?"

Nilidhani mama angesema kimejaa. Ni uongo mdogo, ungetosha. Alifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Kimeharibika. Masizi na salfa viliingia siku ileile mlipokuwa mnatuokoa. Na maji yote mliyoniletea nimewaacha mkimimina humo, sikujua. Nisameheni."

Nilisikia kuku akiparua makopa yaliyoungua nyuma ya nyumba, nikaenda kumfukuza ili nipate cha kufanya.

Niliporudi, Mama Pacha alikuwa ameketi juu ya mfuniko wa kisima, amekunja mikono. "Kwa hiyo maji yangu yamo humu?"

"Yamo."

"Na hayanyweki?"

"Hayanyweki."

"Ukuta unakunywa?"

Mama hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, akipiga paja lake. Kuta za stoo na vyumba vile viwili zilikuwa zimepasuka kwa joto, na tulikuwa tumekwama kwa sababu kufyatua tofali za udongo kunataka maji mengi, na Novemba hakuna anayethubutu kumwaga maji kwenye udongo. Watu husubiri mvua, na mvua ikija tofali hazikauki. Kila mtu huku anajenga akiwa kati ya mambo hayo mawili. Sisi tulikuwa na kisima kizima cha maji yasiyo na kazi nyingine.

Tulimwuliza mwalimu kwa simu. Alisema udongo hautalalamika, ila tuchanganye kwa majembe na beleshi, si kwa miguu, na tunawe kwa maji mengine.

Walikuja walewale waliotoa pole, safari hii na waume zao. Kwa siku tatu kisima kilishuka. Nilichota, nikabeba, nikamwaga kwenye shimo la udongo mwekundu, na kila ndoo ilipomwagwa mtu alipiga kelele. "Hilo langu hilo, liende chumba cha mgeni!" "La kwangu liweke juu ya dirisha, nione barabara!" Yule bibi wa mkabala alikuja na mkongojo wake kuuliza lita zake tano ziko wapi. Mama alimshika mkono, akampeleka hadi kwenye tofali zilizopangwa juani, akamwonyesha moja. Sidhani ilikuwa ndiyo yenyewe. Bibi aliikagua pande zote, akasema imepinda.

Siku ya nne niliteremka kisimani kwa ngazi, na brashi ya chuma, sabuni na ndoo. Nilikuwa nimekunywa kutoka kwenye shimo lile tangu utoto na sikuwahi kuliona tumbo lake. Lilikuwa kubwa kuliko chumba changu cha Masasi. Ukutani palikuwa na mistari mingi, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukionyesha maji yalifika wapi mwaka fulani, mwaka wa njaa ukiwa chini karibu na vifundo vyangu. Mstari wa juu kabisa ulikuwa mweusi na wenye mafuta. Nilisugua huo kwanza. Nilisugua hadi mabega yakawaka, nikasuuza kwa madumu ya barazani, nikateka uchafu kwa kopo na kuupandisha kwa kamba, nikasugua tena. Sauti za juu zilinifikia zikiwa na mwangwi, kama watu wanaoongea ndani ya chungu.

"Kuna harufu?" mama aliita.

Nilisogeza pua ukutani. Saruji. Sabuni. Jasho langu.

"Hakuna."

"Nusa tena."

Nikanusa tena. Mwanga wa duara juu yangu ulizibwa na kichwa chake, kisha na mguu wake. Mjomba alikuwa anapiga kelele. "Dada! Dada, unakwenda wapi? Ngazi ile imeoza! Una umri gani wewe?"

"Shika ngazi, acha kuhesabu umri wangu."

Aliteremka polepole, kanga ameifunga juu ya magoti, akihema. Alipofika chini alisimama akitazama ile mistari. Alitembea ukuta mzima, akiweka kiganja, akiinama, akinusa, kama mtu anayechagua papai sokoni. Kwenye kona moja alichukua brashi mkononi mwangu akasugua mwenyewe, akanusa, akasugua. Mwishowe akalamba kidole.

Juu, radi ilipiga mbali, upande wa bondeni. Mjomba alisema mvua inakuja, tutoke.

"Ya kwanza iache ioshe bati, imwagike," mama alimjibu, uso ameuinua kwenye ule mwanga. "Ya pili pia. Ya tatu, urudishe bomba. Na huko Mkunya waambie siji."